Neno la Aliyefika

Wasomaji wetu, mwaka uliopita lilitokea jambo dogo darasani mwetu ambalo hatujaweza kulisahau, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tulikuwa tukiwafundisha watoto habari za bahari na viumbe vyake, na mezani tulikuwa tumeweka kauri, makombe na magamba ya konokono yaliyookotwa pwani. Mtoto mmoja mpole, asiyezoea kusema, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, bibi yangu asema kwamba hata huku kwetu, kule kilimani, mna makombe ndani ya mawe." Kijiji chetu ni mwendo wa siku nzima kutoka baharini, na kilima alichokitaja kiko nyuma ya mashamba, kimejaa vichaka na miiba. Hatukumwuliza neno. Tulimwambia, "Keti. Hadithi za jikoni ziache jikoni. Hapa twasoma elimu." Darasa zima likacheka, na sisi, twaona haya kuungama, tukacheka pamoja nao.

Miezi miwili baadaye tulipanda kilima kile kutafuta fito za banda la shule. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo wa ukingo mmoja wa korongo, na pale, katika jiwe la kijivu lililopasuka, tukaona umbo la konokono aliyejiviringa, mwenye mistari mingi kama pembe ya kondoo dume, upana wake kama kiganja cha mkono. Wala halikuwa moja. Kila tulipogeuza jiwe tuliona jingine, dogo au kubwa, na katikati yake makombe madogo yameshikamana na jiwe kama yaliyotiwa kwa mkono wa fundi. Mtu aliyesoma habari za miamba atajua maana yake: nchi hii ya nyuma ya pwani ilikuwa chini ya bahari katika zama za kale sana, miaka mamilioni iliyopita, na matope ya chini ya maji yakagandamana yakawa mawe pamoja na magamba ya viumbe waliokufa humo. Sisi wenyewe tulilisoma jambo hilo chuoni, tukaulizwa katika mtihani, tukapata alama nzuri, na cheti chetu kimetundikwa ukutani hata leo. Bibi yule hakusoma. Lakini yeye alikuwa amefika kilimani, nasi tulikuwa hatujafika.

Basi swali letu ni hili: mtu ana wajibu gani kwa neno la mwenziwe aliyefika mahali ambapo yeye hakufika? Watu wengi hulichukua kuwa ni swali la akili tu. Husema, ushahidi ukitosha, amini, usipotosha, usiamini, na mambo yamekwisha. Sisi twaona ni swali la mwenendo pia, kwa kuwa mtu aweza kumdhulumu mwenziwe kwa kulitupa neno lake kama awezavyo kumdhulumu kwa kumchukulia mbuzi wake. Tena mbuzi huweza kurudishwa.

Ili tusijadili hewa, na tulitazame swali hili katika habari ya mlima ambao kila msomaji aujua, walau kwa picha, yaani Kilimanjaro, na kile cheupe kilicho juu yake.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg ya Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1846, ametumwa na chama cha misheni cha Kiingereza kiitwacho CMS, ili amsaidie Dr. Krapf aliyekuwa ametangulia mwaka 1844, na wote wawili wakakaa Rabai. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchaga pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa njia aliyeitwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezoea safari za bara. Huko pwani alikuwa ameonywa kwamba mlima ule una pepo wabaya, na ameambiwa pia kwamba kileleni mna fedha. Wakaikata nyika, wakapita Taita, na asubuhi ya tarehe 11 Mei, kama saa nne, milima ya Uchaga ilipokuwa ikizidi kuonekana, Rebmann akaona kitu cheupe juu ya mlima mmoja. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake kile cheupe ni nini, na Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja tu: baridi.

Neno hilo limetufikirisha sana. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile. Wenye kusoma Kiarabu waliijua theluji vitabuni, lakini mtu wa Mombasa hakuwa na haja ya neno hilo sokoni wala chomboni, maana kitu chenyewe hakianguki kwao. Hata hivyo hakusema ni wingu, wala hakusema ni mawe meupe, wala hakutunga kisa ili mgeni wake afurahi. Alilitaja lile alilolijua juu ya kile cheupe, kwamba ni baridi. Wako watakaosema hakujibu kitu. Sisi twaona alijibu kiini chake. Rebmann kwa upande wake alitoka katika nchi ambayo watoto huichezea theluji kila kipupwe, kwa hiyo aliitambua mara moja. Yeye alikuwa na jina la kitu bila njia ya kukifikia. Bwana Kheri alikuwa na njia bila jina. Mmoja wao asingalikuwapo, habari ya theluji ya Kilimanjaro isingaliandikwa mwaka ule.

Wala si hao wawili peke yao. Krapf aliandika kwamba Wakamba waliuita mlima ule kwa jina lenye maana ya mlima wa weupe, na kwamba Wachaga wenyewe walikuwa na neno lao la theluji, nalo ni Kibo, jina ambalo kilele kikubwa kinaitwa mpaka sasa. Wao ndio waliojua kwamba ukikitia kitu kile motoni hugeuka maji. Imeandikwa tena kwamba Rengua, mfalme wa Machame, kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya kukanyaga huko, alituma watu wengi wapande juu wakatazame kama kile king'aacho ni fedha. Katika hao wote alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Basi na tuseme kweli: hiyo ilikuwa safari ya uvumbuzi, yenye swali, yenye mtu wa kuituma, na yenye kurudi na jawabu, ingawa jawabu lililipwa kwa bei kubwa mno. Haikupata nishani, kwa kuwa hakuna aliyekuwako wa kuitoa.

Novemba ya mwaka ule ule 1848 Rebmann alikwenda tena, akafika Machame, akauona mlima kwa karibu zaidi, hata usiku kwa mwanga wa mbalamwezi. Habari yake ya kwanza ilipigwa chapa huko London mwezi wa Mei 1849, katika gazeti la chama chake.

Na hapo ndipo neno la aliyefika likakutana na mtu ambaye hakufika. Alikuwako London bwana mmoja, William Desborough Cooley, mjuzi wa habari za Afrika, aliyesoma vitabu vya Wareno na Waarabu na kulinganisha majina ya miji na mito kwa bidii kubwa. Afrika yenyewe hakuizuru. Huyu alikataa theluji. Alisema kuwa Rebmann aliitambua kwa fikira zake tu, wala haikuthibitishwa na milango yake ya fahamu. Dr. Krapf naye, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mkuu wa Wakamba, aliuona mlima Kenya na weupe juu yake. Habari hiyo nayo ikakataliwa. Mwaka 1852 Cooley akatoa kitabu kizima juu ya bara la Afrika, na ndani yake theluji ile ikazidi kudharauliwa.

Sasa, ni rahisi kumcheka Cooley, kama darasa letu lilivyomcheka yule mtoto. Tusifanye haraka. Alikuwa na sababu. Rebmann hakuishika theluji kwa mkono, aliiona kwa mbali tu. Mlima uko karibu digrii 3 kusini ya Ikweta, mahali ambapo jua hupita utosini. Tena wasafiri waongo wamekuwako tangu zamani, na mtu aliyezoea kuzichuja habari zao asilaumiwe kwa kuwa na chujio. Mtu asiyeshuku neno lolote atanunua kila dawa iuzwayo sokoni. Na yule mwuza dawa aliyepita kijijini kwetu na chupa moja ya kuponya jongo, utasa na deni, naye pia alisema amefika mbali.

Walakini ziko dalili mbili zinazotuonyesha kwamba kosa halikuwa katika kushuku.

Ya kwanza ni kwamba jambo lenyewe halikuwa geni kwa wataalamu. Milima mirefu ya Amerika ya Kusini iko karibu na Ikweta, nayo ina theluji, na habari zake zilikuwa zimekwisha kuandikwa zamani. Alexander von Humboldt alikuwa ameupanda mlima Chimborazo mwaka 1802, asifike kileleni lakini akafika juu sana. Na sababu yake yaeleweka. Hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000. Ikiwa Mombasa ina joto la digrii 26, na kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya bahari, mtoto wa darasa la sita aweza kuitoa hesabu, naye ataona kwamba huko juu maji hayawezi kukaa bila kuganda. Basi kama theluji iliweza kuaminiwa ikiletwa kutoka Chimborazo, kwa nini isiaminiwe ikiletwa kutoka Uchaga? Tofauti haikuwa katika theluji. Tofauti ilikuwa katika mleta habari: kijana wa misheni asiyejulikana, ambaye mashahidi wake ni mtu wa pwani mwenye kusema "baridi" na wenyeji wa mlima wasio na cheti.

Ya pili ni hii, kwamba Cooley hakuwakataa mashahidi wa Afrika siku zote. Mwaka 1845 alikuwa ameandika habari za ziwa kubwa la ndani ya Afrika, na katika kazi hiyo alitegemea sana maneno ya wafanya biashara wa huku, akiwamo Khamis bin Uthman, mtu wa pwani aliyefika London. Maneno yao aliyapokea, maana yalikaa vizuri katika ramani yake. Neno la Rebmann halikukaa. Msomaji na alitazame jambo hili katika nafsi yake, kama sisi tulivyolitazama katika nafsi yetu kwa uchungu: mara nyingi tusemapo "sina ushahidi wa kutosha", maana yake ni "ramani yangu imekwisha kuchorwa".

Yaliyofuata tutayapita upesi. Mwaka 1861 Baron von der Decken, Mjerumani, pamoja na Richard Thornton, kijana wa Kiingereza mjuzi wa miamba, waliupanda mlima kidogo, wakapima urefu wake kwa vyombo, wakaiona theluji. Mwaka 1862 Decken alirudi pamoja na Otto Kersten, wakafika kiasi cha mita 4,200, na usiku theluji ikawaangukia. Decken alipewa nishani ya dhahabu na Chama cha Jiografia cha Kifalme huko London. Cooley alikataa hata baada ya hayo. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Ribe, alipanda akafika penye theluji yenyewe. Na tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama kileleni. Rebmann alikaa Afrika karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Macho yake yakapofuka, akarudishwa Ujerumani mwaka 1875 akiongozwa kwa mkono, akafa Korntal mwaka 1876.

Kama tungeishia hapo, msomaji angedhani twasema: waamini wote walioona, utapata kweli. Hatusemi hivyo, na Rebmann mwenyewe ndiye shahidi wetu. Kwa miaka mingi yeye na mwenzake Jakob Erhardt waliwauliza watu wa misafara waliotoka bara, kila mmoja akieleza njia yake. Mmoja alisema, nilikwenda siku nyingi upande wa magharibi, nikafika penye maji makubwa. Mwingine alishika njia ya kusini, akafika penye maji makubwa. Mwingine alitaja maji makubwa ya upande wa kaskazini. Wamisionari hao wakawaamini wote, wakayaunganisha maji yote, na katika ramani iliyochapishwa mwaka 1855 na 1856 wakachora ziwa moja tu la kutisha, limelala katikati ya Afrika kama koa. Wasomi wa London wakaistaajabia ramani hiyo. Na Cooley, ambaye naye alikuwa ameunganisha Tanganyika na Nyasa kuwa ziwa moja, hakuwa na haki ya kuwacheka.

Twajua sasa kwamba ni maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Je, wale wafanya biashara walisema uongo? La, hata mmoja. Kila mmoja alisema kweli juu ya ufuo aliosimama. Uongo uliingia pale ambapo watu waliokaa nyumbani walijaza, kwa wino, nafasi iliyokuwa kati ya ufuo na ufuo. Hapo palitakiwa mtu aende. Na kwa kweli ramani ile yenye kosa ndiyo iliyowasukuma watu kwenda: Burton na Speke walitoka pwani mwaka 1857, wakaongozwa kwa njia ile ile ya misafara, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na mwezi wa Agosti Speke akafika kusini mwa Nyanza. Kosa la waaminio lilizaa safari. Kukataa kwa Cooley hakukuzaa safari yoyote, maana mtu aliyekwisha kusema "hakuna" hana sababu ya kufunga mzigo.

Nasi tumeona kwamba wazee wa baraza letu wana njia iliyo bora kuliko ya Cooley na kuliko yetu pia. Mtu akiwaletea habari, tuseme ng'ombe wameonekana ng'ambo ya mto, hawasemi kwanza ni kweli au ni uongo. Humwuliza: Ulisimama wapi? Jua lilikuwa wapi? Uliona mwenyewe au ulisikia? Ulikuwa na nani? Mwenye kuulizwa hivyo haoni kwamba ametukanwa, bali aona kwamba neno lake limepimwa kama mahindi mema yapimwavyo. Kisha, jambo likiwa zito, hutuma kijana mwenye miguu. Kushuku kwa namna hiyo ni heshima. Kudhulumu ni kule kutouliza. Sisi, yule mtoto aliposema, tungaliweza kumwuliza maswali manne katika muda wa kufuta ubao: Bibi yako aliyaona lini? Upande gani wa kilima? Yanafanana na yapi katika haya yaliyo mezani? Wewe umefika? Hatukuuliza hata moja.

Tena aliyefika naye ana deni lake. Ni wajibu wake aseme waziwazi aliloliona na alilolisikia, asiyachanganye. Na ni wajibu wake ataje waliomfikisha. Katika hili la pili vitabu vya safari vimetofautiana sana. Baadhi yao hutaja mlima, mto, kipimo cha joto na jina la punda, lakini wapagazi ni "watu wangu" tu. Ndiyo sababu twafurahi kila tunapokutana na jina. Hans Meyer aliandika jina la Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki nao katika kambi ya juu, penye upepo na maji yagandayo, ilhali wengine wameshuka. Huyu alikaa kambini peke yake siku ambazo Wazungu wawili walikuwa juu ya barafu, akilinda hema na moto. Hakufika kileleni. Lakini kama asingalivumilia pale, twadhani hata wao wasingalifika. Meyer alikipa kilele jina la mfalme wake wa Ujerumani. Tangu Desemba 1961 kinaitwa Uhuru. Majina ya vilele hubadilika. Jina la Mwini Amani limebaki palepale kitabuni, kwa sababu mtu mmoja aliona kuwa ni haki kuliandika.

Liko jambo la mwisho, nalo latusumbua zaidi kuliko la Cooley. Weupe ule wa Kibo unapungua. Waliopima wameona kwamba tangu mwaka 1912 hata mwaka 2011 zaidi ya sehemu 8 katika kila 10 za barafu ya mlima zilikuwa zimetoweka. Na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya milima ya Afrika, Kilimanjaro na Kenya pamoja, yatazamiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Mvua ya theluji yaweza kuanguka bado, siku moja moja, na kuyeyuka; lakini ile barafu ya kudumu, ambayo Sabaya aliipanda na Rebmann akaiona kutoka nyikani, watoto tunaowafundisha leo huenda wakaishi kuiona imekwisha.

Basi mambo yatakuwa yamegeuka. Watoto wa watoto hao watauona mlima mweusi. Watakuja wazee waseme, "Juu pale palikuwa na weupe mwaka mzima, jua lisiuyeyushe." Na mtoto mmoja, aliyesoma vizuri, atajibu kwamba mlima uko karibu na Ikweta, na kwamba jua hupita utosini. Picha zitakuwako, naam. Lakini picha nazo hushukiwa siku hizi, na kwa haki, maana ziko nyingi zitengenezwazo na watu ambao hawakufika popote. Hapo sisi ndio tutakaokuwa Bwana Kheri, na neno letu litakuwa baridi, nasi tutatamani kuulizwa tulisimama wapi.

Tuliporudi kutoka kilimani siku ile tulichukua jiwe moja lenye konokono. Jumatatu tuliliweka mezani pamoja na makombe ya pwani, tukawaambia watoto tulikolipata, na nani alituambia habari zake kwanza, na sisi tulimjibu nini. Darasa halikucheka. Tulikwenda pia kwa yule bibi. Alilishika jiwe, akaligeuza, akasema kwamba hilo ni dogo. Yaliyo makubwa yako upande wa pili, penye mtoro wa maji, na yeye aliyaona alipokuwa msichana akichuma kuni na mama yake. Kisha akatuuliza, bila hasira, "Mwalimu, sasa umekwenda mwenyewe?"

Mtoto hakuinua mkono tena kwa muda mrefu. Tulingoja. Wakati wa kiangazi tulilipeleka darasa lote kilimani, watoto arobaini na mmoja, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua njia ya upande wa pili, tulimwomba yeye atangulie. Alitembea mbele akiwa na panga dogo la bibi yake, akikata miiba, na kila alipofika penye njia panda alisimama, akatazama chini kidogo, kisha akaelekeza kwa mkono.